Kunguru wa Chuma Arudishwa Namba Moja

Gene Dombek kukaa hakujui. Mpe kiti, atakalia ukingo. Mpe kahawa, atazunguka nayo jikoni mpaka ipoe, kisha alalamike kwamba imepoa. Mkewe Marlene alikwisha kukata tamaa ya kumwambia atulie, siku hizi humwambia tu asimkanyage paka. Kazi yake ilimfaa mtu wa namna hiyo. Aliendesha lori la manispaa la kusukuma theluji na kumwaga chumvi barabarani, na hapa kwetu Erie, kando ya ziwa, theluji haina adabu: ukiiondoa asubuhi, mchana imerudi kukucheka.

Mahali pekee alipotulia palikuwa kwenye kaunta ya duka la Rochelle Tibbs, siku ya Jumatano, tena kwa muda mfupi. Jumatano ndiyo siku majarida mapya ya katuni yanapoingia madukani, na wateja wa miaka mingi hawahangaiki kuyatafuta rafuni. Kila mmoja ana boksi lake nyuma ya kaunta, limeandikwa jina, na Rochelle humwekea humo kile anachofuatilia. Boksi alilosoma Gene halikuwa na jina lake. Liliandikwa Leonard Dombek, yaani Len, kaka yake, kwa sababu mama yao ndiye aliyewaandikisha wangali wadogo, enzi duka likiwa la baba yake Rochelle. Mama aliamua kwamba mkubwa ataandikwa jina na mdogo atasoma naye, na mama akishaamua basi.

Ndani ya boksi hilo iliwekwa kopi moja ya Kunguru wa Chuma, shujaa mwenye mabawa ya bati na matatizo ya kifamilia yasiyokwisha. Gene alifika Jumatano na buti zake za chumvi, akasoma kwa kusimama, mguu mmoja ukipigapiga sakafu, akalirudisha jarida kwenye mfuko wake wa nailoni. Jumamosi asubuhi alikuja Len, akalichukua, akaenda kulihifadhi nyumbani pamoja na mengine yote ya tangu utoto wao.

Na ndugu hawa walikuwa hawasemezani. Siku ya mazishi ya mama yao, kwenye chakula cha baada ya ibada, Gene alisema mbele ya shangazi zao, sahani ya pierogi, yale maandazi ya viazi ya Kipolandi, mkononi, kwamba Len alimtupa mama kwenye nyumba ya wazee ili apate nafasi ya kuweka makaratasi yake ya katuni. Ulikuwa uongo. Gene alijua ni uongo hata kabla hajamaliza kuusema, maana Len ndiye aliyemwogesha na kumlisha mama miaka yote ile, wakati yeye Gene alipita na lori akapiga honi. Lakini neno lilikwisha kutoka. Len aliweka uma mezani, akavaa koti, akaenda zake, na tangu hapo hakuna aliyempigia mwenzake simu.

Kilichobaki kati yao ni lile boksi. Hawakulipanga, lilijipanga lenyewe. Gene akifika Jumatano na kukuta toleo la nyuma limechukuliwa, alijua kaka yake yu hai, anatembea, bado ana hasira na bado anasoma. Hilo lilimtosha, au alijiambia kwamba linamtosha. Kuomba radhi kulimshinda, si kwa sababu hakuona kosa lake, ila kila alipojaribu kuifikiria hiyo siku ya kubisha mlango, mwili mzima ulimwasha, akatafuta kitu cha kwenda kufanya.

Basi ndipo kampuni ikatangaza kwamba Kunguru wa Chuma atakufa, na baada ya kifo chake ataanza upya, namba moja.

Wasiozoea mambo haya wangestuka. Sisi hatukustuka. Wale mabwana wa kampuni wakiona mauzo yamelegea hawana dawa nyingine: humuua shujaa, humlilia toleo moja zima, kisha humrudisha kijana, hana mke, hana mvi, hakumbuki lolote, na juu ya jalada kumeandikwa namba moja kwa herufi za kuparamia macho. Kunguru wa Chuma alikwisha kuwashwa upya mara nyingi kama trekta bovu. Kila mara kampuni husema namba moja ni mlango wa kuwaingiza wasomaji wageni. Mtu yeyote aliyewahi kuegemea kaunta ya Rochelle angewaambia kwamba huo ni mlango wa kutokea. Msomaji amechoka siku nyingi, lakini anaona aibu kuacha katikati ya hadithi. Siku shujaa anapozikwa, naye anapata ruhusa ya kwenda.

Tena kuna jambo jingine, na hili ndilo lililomnyima Gene usingizi. Mfululizo ukifa, maandikisho yote yanakufa nao. Kompyuta ya Rochelle haijui kwamba Kunguru huyu ni yule yule. Kila mwenye boksi anatakiwa aje mwenyewe aseme anaendelea, na aseme kabla Rochelle hajatuma oda, kwa sababu majarida yasiyouzika hayarudishwi kiwandani, yanamfia mkononi. Asiyejiandikisha, boksi lake linaondolewa, anapewa mwingine. Len asipoandika jina, basi hakuna tena Jumatano wala Jumamosi, na Gene hatajua kaka yake yu hai mpaka asome tangazo la msiba gazetini.

Gene mwenyewe alikuwa mlalamikaji mkuu wa mambo ya kuanza upya. Mara ya mwisho walipofanya hivyo alimfokea Rochelle mpaka akaambiwa akafoke nje. Safari hii hakufoka. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, iwapo Len amekwisha kujiandikisha. Rochelle akasema bado. Wiki iliyofuata akauliza tena, akaambiwa bado.

Jumatano lilipokuja toleo la mwisho, alilivuta boksi akakuta majarida mawili. Toleo lililotangulia lilikuwa bado limo, halijaguswa. Toleo la kifo lilikuwa juu yake, na jalada lake lilikuwa jeusi tupu, hakuna picha, hakuna hata jina, weusi mtupu unaong'aa. Kampuni iliona hiyo ndiyo heshima ya msiba. Gene hakulifungua. Akamuuliza Rochelle kulikoni.

Rochelle aliacha kupanga rafu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na miwani inayoning'inia kwa mkufu, na alipenda wateja wake kwa namna ya mtu anayetamani waende nyumbani. Alisema Len alipiga simu jana. Amesema alifunge boksi, inatosha.

"Inatosha kwa nini?" Gene akauliza.

"Sikumuuliza, mzee Gene. Nusu ya wateja wangu wameniambia inatosha."

"Mpigie basi. Mwambie mwandishi mpya ni hodari."

"Mimi nauza katuni, si mshenga. Natuma oda Jumatatu nikifunga duka. Mtafute ndugu yako."

Siku zile nne Marlene anazikumbuka mpaka leo. Gene alitengeneza bomba la jikoni ambalo halikuwa bovu, nalo likaanza kuvuja. Aliondoa theluji uani kwa jirani. Jumamosi alfajiri alikwenda kukaa kwenye duka la donati lililotazamana na duka la Rochelle, akangoja amwone Len akishuka basi. Akanywa kahawa kikombe baada ya kikombe, akala donati asizozitaka, na Len hakushuka. Jumapili baada ya misa Marlene akamwambia alipokuwa akizunguka meza ya chakula, "Gene, nenda kwa kaka yako, au nenda ukalale kwenye lori."

Gene akasema hana la kumwambia. Marlene akasema analo, tena analo moja tu, na yeye Marlene analijua, na paka analijua.

Lakini Gene, kama walivyo wote wa kaunta ile, alishika la kwake. Alijiaminisha kwamba Len ameacha kwa sababu ya kuanza upya. Angewezaje kufikiri jingine? Katika maisha yao yote, mtu akiacha Kunguru wa Chuma ilikuwa ni kwa sababu wamemuua mkewe, au wamembadilisha mabawa, au wamemwanzisha upya. Basi Jumatatu nzima, akimwaga chumvi kwenye mteremko wa barabara ya State, Gene aliandaa hotuba ya kuitetea kampuni ambayo maisha yake yote ameitukana. Aliifanyia mazoezi kwa sauti, waipa za kioo zikimpigia mdundo. Alipomaliza zamu alipita kwa Rochelle, na Rochelle, bila neno, akamkabidhi lile toleo jeusi ampelekee mwenyewe. Akamwonyesha saa ya ukutani. Anafunga saa kumi na mbili.

Len aliishi bado katika nyumba ya mama yao, upande wa mashariki. Ngazi hazikuwa zimeondolewa theluji, jambo lililomshangaza Gene, maana Len alikuwa mtu wa kufagia hata ngazi za wengine. Akabisha. Mlango ukafunguliwa, na kaka yake akasimama mbele yake, mrefu vile vile, mwembamba zaidi, amevaa sweta la mama. Mwanga wa nje ungalipo, nusu hatua kati yao, Len akamtazama usoni akasema, "Nani?"

Ile "nani" ilimchoma Gene kuliko tusi lolote. Alitaka kugeuka. Badala yake akasema kwa ukali kwamba ni yeye, Gene, au jina nalo limefutwa.

"Ingia," Len akasema. "Baridi inaingia."

Jikoni palikuwa na giza la jioni ya kipupwe, taa hazijawashwa. Gene hakuketi. Alianza hotuba yake pale pale, amesimama kati ya friji na meza, akaimwaga yote. Alisema anajua kuanza upya ni ushenzi, lakini safari hii si kama zile nyingine. Mwandishi mpya amesoma ya zamani yote. Wameahidi hadithi za nyuma hazitafutwa, zitahesabika. Alisema mtu haachi nyumba yake kwa sababu wamebadilisha namba mlangoni. Alisema mengi, tena mengine alirudia, na mguu wake ulikuwa ukipiga sakafu ya mama kama wakati wa utoto. Len alimsikiliza, kichwa ameinamisha pembeni.

"Nimekuletea la mwisho," Gene akamalizia, akamwekea mkononi.

Len akalipokea. Alipitisha kiganja juu ya jalada, taratibu, akaliinua kidogo kuelekea dirishani, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Wamemchora vizuri," akasema. "Hasa mabawa."

Gene aliliangalia lile jalada jeusi tupu mikononi mwa kaka yake. Akaona sasa vitu alivyovipita alipokuwa akihubiri: sufuria zimepangwa mstari mmoja ukutani, redio kubwa mezani, kikombe cha kahawa kilichofungwa mpira wa kuzuia kidole kisiteleze. Mguu wake ukaacha kupiga. Aliketi, akakalia kiti kizima.

"Len," akasema. "Tangu lini?"

Len hakukana. Nadhani alikuwa amechoka kukana. Aliweka jarida mezani akasema ni mwaka na zaidi. Katikati ya macho pamekufa, madaktari wamesema hapafufuki. Akimtazama mtu usoni anaona doa. Akitazama pembeni anayaona mabega yake. Kusoma kulikwisha muda mrefu. Aliendelea kwenda dukani Jumamosi kwa basi, akihesabu vituo, mpaka juzi juzi gari lilipomkosakosa kwenye kivuko cha waendao kwa miguu, naye akaogopa, hakutoka tena.

"Sasa ulikuwa unayachukua ya nini, kama huyasomi?"

Len alisugua meza kwa kidole. "Ulikuwa unakuja Jumatano," akasema. "Nikiyatoa kwenye mfuko yalikuwa yananuka dizeli. Nikasema, haya, Gene bado anaendesha."

Gene alinusa mkono wa koti lake.

"Wakatangaza wanaanza upya," Len akaendelea. "Nikaona wote wanaacha. Nikasema nami niache hapo hapo, hakuna atakayeuliza kwa nini. Watadhani nimekasirika. Heri mtu akudhanie umekasirika."

Hapo ndipo Gene Dombek, mtu mzima, dereva wa lori, alipolia. Alilia vibaya, kwa mkono wa koti. Katikati ya kulia akasema lile moja ambalo Marlene alilijua na paka alilijua: kwamba siku ya mazishi alisema uongo, kwamba Len alimtunza mama na yeye hakumtunza, na aibu ya kutomtunza ndiyo iliyomtia maneno mdomoni. Akasema samahani kaka.

"Ulisema mbele ya shangazi Irene," Len akajibu.

"Najua."

"Basi na hiyo samahani utaisema mbele ya shangazi Irene. Ana miaka tisini, ongea kwa sauti."

Gene akasema ataisema, kesho akitaka. Len akasema Jumapili inatosha. Kisha akalisukuma lile jarida upande wa pili wa meza, kama anavyosukuma mtu sahani kwa mgeni, akamwambia asome basi, asiwe kama amekuja kukausha buti.

Gene alisoma ovyo. Maisha yake yote alikuwa amesoma kwa haraka, jicho moja likiwahi ukurasa unaofuata, na sasa ilibidi azieleze na picha kwa maneno, jambo ambalo hakuwahi kulifikiri. Alisema, "Hapa wanapigana," Len akauliza nani na nani, wapi, mvua inanyesha au hainyeshi. Gene akarudi nyuma. Akasema ni darajani, mvua inanyesha, Kunguru amevunjika bawa la kushoto na anamtazama mdogo wake upande wa pili. Len akauliza anamtazamaje. Gene aliikodolea macho picha ile kwa muda ambao hajawahi kuipa picha yoyote. Akasema anamtazama kama mtu anayetaka kuita na hana pumzi. Len akasema haya, endelea. Walikuwa hawajafika hata nusu Gene alipoiona saa ya jikoni akaruka kama aliyemwagiwa maji.

Walitoka hivyo hivyo, Len koti halijafungwa vifungo, mkono wake umeshika kiwiko cha Gene kwenye ngazi za theluji. Gene, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akitembea polepole, alitembea polepole. Akasema hapa ngazi, hapa barafu, hapa gari, inamisha kichwa. Njiani alitamani kukanyaga mafuta, na hakukanyaga, kwa sababu Len alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili.

Rochelle alikwisha kuzima taa za dirishani, funguo zi mkononi. Aliwaona wanakuja wameshikana, akayaona macho ya Len yanavyotazama pembeni ya kila kitu, akaelewa bila kuambiwa. Akarudi nyuma ya kaunta akaiwasha kompyuta. Aliuliza kama boksi linabaki kwa jina la Leonard.

"Hapana," Len akasema. "Andika Eugene, jina lake kamili. Yeye ndiye atakayekuwa analichukua."

Gene akataka kupinga kwamba mama aliandika hivi na hivi, Len akamminya kiwiko. Rochelle akaandika. Kisha, kwa kuwa ni mfanyabiashara, na kwa kuwa sasa walikuwa wateja wawili waliosimama mbele yake na si kivuli cha Jumatano na kivuli cha Jumamosi, akauliza namba moja wanataka kopi ngapi, moja au mbili.

"Moja," Len akasema. "Na asiifungue hapa dukani. Ailete nyumbani kama ilivyo, tuianze pamoja."